Ubao wa freti umepauka na freti zina ukoko wa kijani: nisafishe na nini?

KwayaNyuziSita, Nakuru

Mafundi, habari zenu. Kuna gitaa la akustiki la nyuzi za chuma, mali ya kwaya. Linapigwa na watu watatu au wanne kila wiki, halina mfuko, linaning'inia ukutani. Ubao wa freti, ule wa mbele ya shingo wenye vyuma (freti) vilivyokingama, ni wa kahawia iliyokolea, sijui ni mti gani. Kuanzia freti ya 1 hadi ya 5 kuna ukoko mweusi umegandamana kando ya kila freti, na pale ukoko ulipobanduka mbao imepauka kama kisigino cha mtu asiyejipaka mafuta. Freti zenyewe zina kitu cha kijani pembeni. Pia ukitelezesha kiganja ukingoni mwa shingo, ncha za freti zinakwaruza. Wakati wa mvua hazikuwa hivyo.

Ushauri niliopewa mpaka sasa: kamua limau upake, kwa vile hata mafuta ya gitaa ya dukani yameandikwa limau, sugua na stilwulu ya sufuria, paka mafuta ya kupikia, pangusa na spiriti ya duka la dawa. Sijagusa kitu. Kipi ni kipi, kiasi gani, na je, nyuzi nizitoe zote kwa mpigo?

FundiWaKibuye, Kisumu

Afadhali hujagusa, maana katika hayo manne hakuna hata moja la kuanzia.

Juisi ya limau ni asidi, maji na sukari. Asidi inakula freti, maji yanasimamisha nyuzinyuzi za mbao, sukari inabaki ikinata. Kile kichupa cha dukani kwa kawaida ni mafuta ya madini yaliyotiwa mafuta kidogo ya ganda la limau, au harufu yake tu. Jina ndilo linalopoteza watu. Mafuta ya kupikia, hata ya zeituni, yanachacha ndani ya mbao na kugeuka gundi ya kunasa vumbi. Stilwulu ya sufuria ina nyuzi nene, mikwaruzo yake utaiona ukiwa umesimama mlangoni. Spiriti inakausha, inang'oa rangi ya ubao uliotiwa weusi kiwandani, na tone moja likianguka kwenye mwili wa gitaa lililopakwa sheleki, doa halitoki.

Mafuta unayotaka ni ya madini. Kama duka la vyombo vya muziki liko mbali, nenda duka la dawa uombe likwidi parafini, ile isiyo na rangi wala harufu, anayopewa mtu aliyefunga choo. Sisitiza ni ile ya kunywa. Ukisema parafini peke yake, unaweza kuletewa mafuta ya taa, na hayo hayafai: yananuka na hayakai ndani ya mbao. Mafuta ya watoto wachanga ni yaleyale ya madini yenye marashi, yanafaa ukikosa. Usitumie mafuta ya kujipaka ya mgando, yanakaa juu kama blubendi kwenye mkate.

Nyuzi: kwa akustiki ya kawaida toa zote. Shingo haitaharibika kwa kukaa saa mbili tatu bila mvuto. Zilegeze kwanza kwa vigingi mpaka zilale, ndipo ukate kama ni za kutupa. Uzi uliokazwa ukikatwa unaruka usoni. Pini za briji (kile kipande cha tumboni zinapofungiwa nyuzi) zikikataa kutoka, usizing'oe kwa koleo. Ingiza mkono kwenye tundu la gitaa, tafuta ncha ya pini kwa ndani, isukume kwa sarafu au mpini wa kijiko. Kile kipande cheupe kinachobeba nyuzi kwenye briji mara nyingi hakikugundishwa. Kikichomoka, tia alama ya penseli upande wa uzi mnene, maana kikirudishwa kinyume nyuzi zitakosa tyuni juu ya freti ya 7.

Kuna magitaa mawili ambayo hayatolewi nyuzi zote: la umeme lenye briji inayoelea kwa springi, na lile la uso uliobenuka kama fidla ambalo briji imeshikiliwa na nyuzi zenyewe. Hayo fanya nyuzi mbili au tatu kwa wakati.

Ukoko ni jasho, mafuta ya mwili na ngozi iliyokufa. Anza ukiwa mkavu. Chukua kadi ya benki iliyoisha muda, ikate kona upate ncha iliyonyooka. Ilaze kama digrii 45 na ukwangue kufuata freti, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Utatoka vipande vipande kama nta ya mshumaa. Kisu hapana, wembe hapana. Mkono ukiteleza mara moja, alama inabaki milele. Uliobaki kwenye kona ya freti na mbao utoe kwa mswaki laini na kitambaa chenye matone mawili matatu ya mafuta ya laita, yale ya kujazia laita za utambi. Fungua dirisha, na jiko liwe limezimwa. Faida yake ni kwamba yanayeyusha mafuta ya mwili kisha yanapotea hewani bila kuilowesha mbao. Ukikosa, tia tone moja la sabuni ya vyombo kwenye kikombe cha maji, chovya kitambaa, kikamue hata ukikisokota hakitoi kitu. Pangusa nafasi moja, kausha papo hapo, ingia inayofuata. Maji yakikaa yanaingia kwenye mfereji wa freti.

Ule ukijani ni shaba. Freti nyingi ni aloi ya shaba, nikeli na zinki, ingawa Waingereza wanaiita fedha. Jasho likiikuta, shaba inaota kijani. Hapa ndipo stilwulu inapoingia, lakini ya sufuri nne: 0000. Ulizia kwenye hadwea wanakouzia mafundi wa fanicha vanishi. Ziba tundu la gitaa kwa kitambaa. La umeme, funika pikapu, zile sumaku za kunasa sauti (si za kubeba ndizi), kwa tepu ya karatasi, maana chembe za chuma zikishika sumaku ni kazi ya kibano. Kata pande la ukubwa wa ndimu, sugua kufuata mishipa ya mbao, yaani kutoka kichwani kuelekea tumboni mwa gitaa, mara tano au sita kila sehemu, bila kukandamiza. Mbao inasafika na freti zinang'aa kwa mkupuo mmoja.

Kijani kikigoma, bandika tepu pande zote mbili za freti ukiacha chuma peke yake wazi, tia Brasso kidogo kwenye kitambaa, sugua, pangusa, bandua. Tepu si hiari. Brasso ikiingia kwenye vinyweleo vya mbao inakauka kuwa unga mweupe, na kuutoa ni mchana kutwa wa mswaki.

Usipulize vumbi la chuma kwa mdomo. Mate na chuma ni kutu, na kutu kwenye mbao ni vidoa vyeusi. Funga sumaku kwa karatasi ya nailoni, ipitishe juu ya ubao, kisha piga brashi.

Sasa mafuta. Nunua bomba la sindano la ml 2, bila sindano. Tone moja kila nafasi kati ya freti mbili, na kule juu nafasi zinapobana, tone moja kwa nafasi mbili. Ubao mzima hautakula zaidi ya ml 1. Sambaza kwa kidole mpaka kwenye kingo, subiri dakika 5 hadi 10, pangusa na fulana kuukuu ya pamba hadi kitambaa kitoke kikavu. Penye kiu ya kweli mafuta yatakuwa yameisha kabla hujarudi. Hapo rudia mara moja. Ukimaliza, acha nusu saa uje upanguse tena, kwa sababu kuna mafuta yanayotambaa na kutokea kando ya freti. Ndipo uweke nyuzi.

Mara mbili kwa mwaka kwa Nakuru. Huku kwetu ziwani, mara moja. Anayepaka kila akibadilisha nyuzi anaunda ukoko mpya: mbao inanata, nyuzi mpya zinanyonya mafuta na kupoteza ule mlio wa kengele ndani ya siku mbili.

MtiNaSauti, Kakamega

Fundi amepita haraka kwenye swali la mti, na ndilo la kwanza. Kabla ya yote hayo, ajue ubao wake uko uchi au umepakwa vanishi.

Ubao wa rangi ya njano au maziwa, unaong'aa kama meza, ni mti wa mepo (maple) uliopakwa vanishi. Huo haupakwi mafuta hata tone, wala hauguswi na stilwulu, vinginevyo mng'ao unakufa. Kitambaa chenye unyevu kidogo na cha kukausha, basi. Vanishi ikiwa imelika hadi mbao ikawa ya kijivu chini ya vidole, mafuta hayatibu. Ni kazi ya kupaka vanishi upya.

Rosiwudi na eboni karibu kila mara ziko uchi, na hizo ndizo za mafuta. Gitaa la miaka ya karibuni linaweza pia kuwa na laureli au pau fero. Tarehe 2 Januari 2017 miti yote ya jenasi Dalbergia, ukoo wa rosiwudi, iliwekwa chini ya masharti ya biashara ya kimataifa ya CITES, ule mkataba wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini, na watengenezaji wengi wakahamia miti mingine; vyombo vya muziki vilivyokamilika vilifunguliwa tena tarehe 26 Novemba 2019. Laureli ina vinyweleo vikubwa na hupauka haraka, hivyo itakunywa mafuta zaidi ya rosiwudi. Usishtuke ikitaka mara ya pili.

Na kwa wale watakaosema eboni ni mpingo: mpingo wa wachongaji ni Dalbergia melanoxylon, ndugu wa rosiwudi, ni mzito hata unazama majini. Eboni ya magitaa ni jenasi nyingine, Diospyros. Tofauti hii haibadilishi usafi, zote mbili zina mishipa iliyobana na zinataka mafuta kidogo kuliko rosiwudi. Nusu ya kipimo cha Fundi.

Jaribio la bei nafuu: weka tone moja la mafuta kwenye nafasi ya freti ya 1. Likitoweka ndani ya dakika moja, ubao una kiu. Likikaa dakika tano likiwa bado limevimba, ama kuna vanishi ama umeshiba. Na ukipangusa eboni kitambaa kikatoka cheusi tii, hiyo ni rangi ya kiwandani. Endelea na mafuta ya madini tu, yale ya laita weka kando.

DirishaWazi, Kisumu

Kwa nini mnaruka linsidi, yale mafuta ya mbegu za kitani? Inauzwa kila hadwea, inaingia ndani ya mbao na inakaa miaka.

FundiWaKibuye, Kisumu

Omera, kukaa miaka ndiko tatizo lenyewe. Mafuta ya madini hayagandi, ukikosea unapangusa. Linsidi inaganda kuwa ngozi. Ukiipaka kwenye gitaa lenye ukoko kama hili, umeufungia ukoko chini ya kioo. Iliyochemshwa inataka siku moja au mbili kukauka, mbichi inaweza kuchukua wiki, na ikipakwa nene inabaki ikinata chini ya kidole. Kwa ubao mpya uliotoka kupigwa msasa, sina neno, mkono mmoja mwembamba uliopanguswa vizuri ni sawa. Kwa matunzo ya kawaida, hapana.

Tena wewe unayeitumia: kile kitambaa chake usikikunje ukakitupa kwenye ndoo. Linsidi inapokauka inatoa joto, na kitambaa kilichofumbatwa kinaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti. Kitandaze nje kikauke, au kitumbukize kwenye maji.

Na spreyi za kung'arisha dashibodi zisitajwe kabisa. Zina silikoni, na siku freti itakapotaka kugundishwa upya gundi haitashika.

BesiYaNjoro, Nakuru

Nyote mmejibu uchafu, ila lile la ncha za freti kukwaruza mmelipita, na ndilo linaloonyesha ugonjwa. Freti hazikurefuka. Ni ubao uliosinyaa. Mbao ikipoteza maji inapungua upana, chuma kinabaki vilevile, ncha zinatokeza. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Januari na Februari hewa inakuwa kavu. Kisumu, mita zipatazo 1,130 na ziwa mlangoni, hilo si tatizo la kila mwaka. Huko adui ni kutu na ukungu.

Mafuta hayarudishi maji ndani ya mbao. Yanapunguza kasi ya unyevu kuingia na kutoka, na yanapendezesha rangi, mwisho hapo. Mtu anapaka wiki hadi wiki akishangaa mbona ncha bado zinakwaruza. Gitaa linataka hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Likikaa chini ya 40 kwa muda mrefu, baada ya ncha kutokeza zinafuata nyufa nyembamba za ubao, kisha uso wa gitaa unazama kati ya tundu na briji.

Kwa hiyo kwanza litoe ukutani. Tafuta kesi, au hata mfuko mnene wa kitambaa. Chukua kijisanduku cha sabuni chenye kifuniko, kitoboe matundu kumi na mawili hivi, weka sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa hadi haidondoshi, kilaze ndani ya kesi karibu na kichwa cha gitaa. Angalia sponji kila baada ya siku tatu. Acha wiki mbili ndipo uguse ncha tena. Mara nyingi nusu ya mikwaruzo itakuwa imeondoka yenyewe.

Mvua ndefu zikianza, toa sponji. Ukisahau utafuga ukungu. Na msichanganye ukungu na mpauko: ukungu una manyoya, unanuka uvundo na unatoka kwa kitambaa kikavu, mpauko hautoki mpaka uone mafuta.

KwayaNyuziSita, Nakuru

Asanteni sana. Nimefanya: kadi, mswaki, mafuta ya laita, stilwulu 0000, likwidi parafini. Duka la dawa waliniuliza ni ya mtoto au ya mtu mzima. Tone la majaribio liliisha kwa sekunde 40 hivi. Ubao sasa ni kahawia ya kahawa kavu iliyokaangwa na mishipa inaonekana. Sponji iko ndani ya kesi siku ya kumi na sita leo.

Yamebaki mawili. Ncha za upande wa uzi mwembamba, freti ya 3 hadi ya 9, bado zinakwaruza kidogo. Na tangu niweke nyuzi mpya, uzi wa kwanza (mwembamba kuliko yote) unazizima, yaani unavuma kama nyuki, ukibonyezwa freti ya 2. Je, nimeisugua freti ikaisha?

FundiWaKibuye, Kisumu

Stilwulu ya 0000 haiwezi kumaliza freti kwa kusugua mara sita, ondoa hofu. Angalia kwanza kama kuna chembe ya ukoko au uzi wa stilwulu kwenye kijimfereji cha uzi wa kwanza pale shingo inapoanzia. Pitisha kipande cha uzi wa zamani mle ndani kama unavyosafisha meno. Kisha tazama freti ya 3 kwa kuinamisha gitaa dirishani. Uzi ukizizima freti ya 2, anayegusa ni wa 3, si wa 2. Huenda freti hiyo imeinuka upande mmoja. Weka rula fupi ya chuma juu ya freti ya 2, 3 na 4. Ikibembea kama bembea, ya 3 iko juu. Ibonyeze kwa kipande cha mbao ngumu na kibano cha seremala, shingo ikiwa imewekewa kitambaa chini. Usigonge kwa nyundo.

Kama rula haibembei, pima mkunjo wa shingo. Nyuzi zikiwa kwenye tyuni, bonyeza uzi wa sita (ule mnene) freti ya 1 na freti ya 14 kwa pamoja, uangalie nafasi kati ya uzi na freti ya 7. Karatasi mbili za A4 za gramu 80, ambazo ni karibu milimita 0.2, zipite kwa kubana kidogo. Zisipopita, shingo imenyooka mno. Wiki mbili za sponji zinaweza kuisogeza, na nyuzi mpya zikiwa nyembamba kuliko zile za zamani mvuto umepungua pia. Legeza ile fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo robo ya mzunguko kinyume cha saa, isizidi, tyuni upya, iache hadi kesho ndipo upime tena. Ikiwa nati ya fimbo imekaza kama imechomelewa, acha, mpelekee fundi. Ikikatika ndani ya shingo gharama inazidi gitaa.

BesiYaNjoro, Nakuru

Ncha zilizobaki sasa unaweza kuzipiga tupa, kwa kuwa mbao imeshakaa. Toa nyuzi au zilegeze uzisogeze. Bandika tepu kwenye ubao pande zote za freti na tabaka mbili ukingoni mwa shingo. Tumia tupa ndogo laini, ya kunolea msumeno inatosha kama meno yake ni mafupi. Ilaze digrii 35 hivi kuelekea ndani, sukuma upande mmoja tu, kutoka juu ya freti kushuka ukingoni, mara tatu kwa kila ncha. Usiirudishe ikiwa inagusa, ndiyo inayong'oa freti. Kisha msasa wa 600 uliokunjwa kwenye kifutio cha penseli, zungusha kila kona mara nne au tano, umalize na ile 0000 iliyobaki. Jaribu kwa soksi ya nailoni: ivute ukingoni kutoka freti ya 1 hadi ya mwisho. Itakaponasa, hapo ndipo pa kurudia.